Meno ya Bwana Mwavuli

Mara ya kwanza alipoitwa mbele ya Baraza, Fundi Meno alijibu "ndiyo" mara kumi na moja. Alizihesabu baadaye, akiwa ameketi kwenye ngazi za nje ya jengo, mkoba mapajani. Walimuuliza kwa Kiingereza kama amesomea kazi yake chuoni, akajibu ndiyo, na chuo chenyewe hajawahi hata kupita karibu na geti lake. Walimuuliza kama anaona maswali ni magumu, akajibu ndiyo. Wa mwisho alimuuliza kama angependa kurudi kujaribu tena mwezi wa tisa, na hiyo ndiyo "ndiyo" pekee iliyomsaidia siku ile.

Asije mtu akadhani kazi haijui. Alikuwa na miaka arobaini na saba, na thelathini kati ya hiyo ameimalizia kwenye chumba kimoja nyuma ya duka la miwani, akitengeneza meno ya bandia. Baba yake ndiye aliyemkalisha kwenye kigoda, akampa kipande cha nta na kisu kidogo, akamwambia achonge jino la mbele mpaka lifanane na la kwake mwenyewe. Ilimchukua wiki tatu. Chumba kile kina dirisha moja, meza iliyoungua pembeni kwa taa ya spiriti, na kabati refu lililojaa mifano ya plasta ya vinywa vya watu, kila mmoja umeandikwa tarehe mgongoni, bila jina. Jina halikuandikwa kwa sababu baba yake alikuwa na sheria, na sheria hiyo aliirithi pamoja na visu: mteja hasalimiwi njiani. Akikusalimu, itikia. Asipokusalimu, hukumwona. Maana kumchangamkia fundi wa meno mbele za watu ni sawa na kuvua meno yako na kuyaweka mezani. Basi Fundi Meno alipita mitaani kama mtu mwenye majivuno, macho mbele, na kumbe nusu ya watu wazima aliopishana nao walikuwa wanatafunia kazi ya mikono yake.

Sasa Baraza la kazi hiyo lilikuwa limetoa tangazo. Mafundi waliojifunza kwa kuona, wasio na cheti, wahojiwe, na mahojiano yawe kwa Kiingereza, kwa kuwa vitabu vyote vya kazi ni vya Kiingereza. Atakayeshindwa mara mbili arudishe kibali na kufunga mlango. Vitabu hivyo Fundi hakuwahi kuvihitaji, lakini nani wa kuliambia Baraza? Mwezi wa tisa ungefika, naye angeondoka kwenye chumba cha baba yake, au angebaki. Hapakuwa na njia ya katikati.

Aliyemwonyesha pa kujifunzia ni binti wa kaka yake, aliyekuwa akipokea simu kwenye kliniki ya meno mtaa wa pili.

"Shangazi, pale maktaba kuna mwalimu mstaafu anafundisha Kiingereza kila Jumamosi. Anafundisha kwa filamu za zamani za kuchekesha."

"Mimi natafuta mtu wa kunifundisha, mwanangu, sitafuti wa kunichekesha."

"Basi nenda ukanune. Lakini nenda."

Akaenda. Mwalimu alikuwa mzee mwembamba mwenye meno yake yote thelathini na mawili, jambo ambalo Fundi alilibaini kabla hata ya kuitikia salamu. Miaka yake yote shuleni alifundisha historia, na watu walimwita Mwalimu Kwanini. Darasa lilikuwa chumba cha nyuma cha maktaba, shuka jeupe ukutani, na wanafunzi watano: bawabu wa hoteli, muuguzi, mziba pancha, mama mmoja muuza vitambaa, na sasa yeye. Hapo palikuwa na amri moja tu, nayo ilikuwa kali: atakayecheka, filamu inasimamishwa, na yeye anasimama aeleze kwa Kiingereza amecheka nini. Kwa hiyo watu wazima watano walikaa mbele ya vichekesho wakiwa wameuma midomo kama wako msibani. Bawabu wa hoteli, ambaye hakuwa na breki, alieleza mara nne Jumamosi ya kwanza, na ndiyo maana bawabu alikuwa anajua Kiingereza kuliko wote.

"Hamwezi kujua lugha ya watu mpaka mjue walichokuwa wanakionea haya," alisema Mwalimu Kwanini. "Na walichokionea haya hawakukiandika kwenye vitabu vya historia. Walikificha kwenye vichekesho."

Filamu ambayo Mwalimu aliipenda kupita zote ilikuwa ya karani mmoja aliyefukuzwa kazi. Karani huyo hakumwambia mkewe. Kila asubuhi anavaa suti, anachukua mwavuli wake, anatoka kama anayekwenda ofisini, halafu anashinda bustanini. Huko bustanini anakuta wanaume wengine saba, kila mmoja na suti yake na mwavuli wake, kila mmoja akitazama saa kama anayemsubiri mtu. Darasa lilimpa yule karani jina la Bwana Mwavuli. Mwalimu alieleza kwamba miaka ile viwanda vilifungwa nchi nzima, na mwanamume asiye na kazi hakuwa na uso wa kurudi nao nyumbani. "Na waliokuwa wakicheka ukumbini," alisema, "nusu yao walikuwa na miavuli chini ya viti."

Bwana Mwavuli alikuwa na tabia moja. Katika kila sentensi, kabla ya neno la mwisho, alifunga midomo akanyamaza kidogo, ndipo akalitoa. Enzi zake watu ukumbini walikuwa hoi kwa kicheko. Mwalimu aliupenda ukimya ule kama mtu anavyopenda wimbo wa ujana wake. "Tazameni anavyowasubirisha! Huo ndio ustadi. Mtu mdogo anakimbilia kumaliza. Mtu mkubwa anakusubirisha."

Jumamosi ya tatu Fundi Meno akainua mkono. Hakuwa amesema neno tangu aanze, zaidi ya lile la "ndiyo".

"Si ustadi," alisema kwa Kiingereza. "Meno yake ya juu yanaanguka."

Mwalimu akasimamisha filamu, na uso wake haukuwa wa furaha. Akamwambia aeleze. Na Fundi, ambaye mbele ya Baraza ulimi wake uligeuka kipande cha plasta, akaeleza. Alisimama kando ya shuka, akaonyesha kwa kalamu. Tazama shavu linavyoingia ndani: ni ulimi unasukuma seti irudi kwenye kaakaa. Tazama pale anapokula biskuti: anaivunja kwa vidole, haumi kwa meno ya mbele hata siku moja. Tazama anapocheka: mdomo wa juu haupandi. Sarufi ilikuwa imepinda huku na huku, lakini hakuna aliyepotea. Alikuwa anasema kitu anachokijua, na pale hapakuwa na wa kumsahihisha. Alipokaa, muuguzi na mama wa vitambaa walipiga makofi, na bawabu akacheka mpaka akadaiwa maelezo.

Mwalimu Kwanini alirudisha filamu nyuma, akaitazama sehemu ile mara tatu.

"Ni kweli," alisema hatimaye. "Na inaingia akilini. Nchi ile, miaka ile, wako waliong'olewa meno yote kabla ya harusi, yakiwa mazima, ili wasije wakawatwisha wenzi wao gharama za meno huko mbele. Miaka ishirini naonyesha filamu hii, sikuliona." Kisha akageuka kwa Fundi, akasema kwa Kiswahili, taratibu: "Yule bwana alificha siri hiyo maisha yake yote. Mamilioni walimtazama wasijue. Wewe umemuumbua kwa dakika tano."

Aliyasema kwa mshangao tu. Lakini yalimwingia Fundi penye mfupa. Njia nzima ya kurudi nyumbani alikuwa akimkumbuka baba yake na sheria yake. Mteja hasalimiwi njiani. Naye amemvua mtu meno mbele ya mziba pancha. Ni kweli Bwana Mwavuli amekufa zamani, wala hakuwa mteja wake. Hata hivyo aliona haya, haya ya kweli, na usingizi wake wa siku ile haukuwa mzuri.

Jumamosi iliyofuata alimwambia Mwalimu hivyo hivyo. Mwalimu akafikiri.

"Basi mlipe. Jifunze maneno yake yote. Kinywa chake unakijua kuliko sisi, hutapata shida. Na ukikwama mbele ya Baraza, wasimulie ulivyomgundua. Kama ulivyotusimulia sisi. Hakuna Baraza litakalokufelisha baada ya hapo."

Ndivyo Fundi alivyoanza kuishi na Bwana Mwavuli. Binti wa kaka yake alimwekea filamu kwenye simu, akawa anaisikiliza huku akipiga msasa, huku akichanganya plasta. Bwana Mwavuli akisema, yeye anarudia. Karani anamdanganya mkewe kuhusu ofisi. Fundi naye anaudanganya mfano wa plasta kuhusu ofisi. Alijua kuomba radhi kwa Kiingereza kwa namna sita. Alijua kusifia hali ya hewa. Maneno ya kazi aliyapata kwa binti wa kaka, ambaye kliniki kwao waliyatumia kila siku. Na hadithi ya meno ya Bwana Mwavuli aliipanga, akaifanyia mazoezi, ikawa inatoka kama maji.

Mwezi wa nane binti wa kaka akamsikiliza jikoni, kidevu mkononi, kisha akasema: "Shangazi, kwani na wewe meno yanakudondoka?"

"Kwa nini?"

"Kila sentensi unakaribia kumaliza, halafu unafunga mdomo. Hivi." Akamwonyesha.

Fundi aliduwaa. Lugha ya yule bwana alikuwa ameichukua pamoja na ugonjwa wake. Alijaribu kuuacha ule ukimya, na hapo ndipo alipogundua kwamba humo ndimo alimokuwa anatafutia neno la mwisho. Akiuondoa, neno halipatikani. Akajaribu siku nne, akarudi kule kule kwenye "ndiyo". Siku ya tano akakata shauri: afadhali Kiingereza chenye pengo kuliko pengo lisilo na Kiingereza.

Mwezi wa tisa ukafika, kama ilivyo kawaida ya miezi.

Walikuwa watatu nyuma ya meza. Kushoto daktari wa meno mwanamke, bado kijana. Kulia bwana mmoja mwenye vitabu viwili mbele yake na tabasamu la pembeni. Katikati Mwenyekiti, mtu wa makamo yanayoelekea uzee, suti nadhifu, sura ya kuogopwa. Mara ya kwanza Fundi hakuinua macho kupita tai yake. Safari hii aliinua.

Mwenyekiti akauliza swali la kwanza: mgonjwa anapodai seti yake mpya imekaa sawa, fundi atajuaje kama ni kweli?

Swali lilikuwa jepesi, na Fundi akalijibu. Mfanye mgonjwa ahesabu kwa sauti. Mfanye apige miayo. Kabla ya kila neno la mwisho alifunga midomo, moja, mbili, ndipo akalitoa. Alikuwa anaendelea vizuri, anajisikia kabisa anaendelea vizuri, alipoona uso wa Mwenyekiti unabadilika. Bwana wa vitabu naye alimtupia Mwenyekiti jicho, akamtupia Fundi, kisha akainamia karatasi kwa haraka, mabega yakimtikisika.

Mwenyekiti akauliza swali la pili. Alisema sentensi ndefu, na kabla ya neno la mwisho akafunga midomo. Shavu lake la kushoto likaingia ndani kidogo. Halafu akalitoa neno.

Fundi Meno akaelewa yote kwa mkupuo. Seti ya juu, ya miaka kumi hivi, labda kumi na mbili. Ilimkaa vizuri zamani, na sasa fizi zimepungua. Amejizoeza kuirudisha kwa ulimi. Wenzake hawajui sababu, wanajua tabia tu, na wanamcheka pembeni. Sasa amekuja mwanamke asiye na cheti, ameketi mbele yake na kumwigiza sentensi kwa sentensi.

"Mama," Mwenyekiti alisema kwa Kiingereza, sauti ikiwa ya chini, kalamu mkononi. "Kwa nini unanyamaza hivyo kabla ya neno la mwisho?"

Jibu alikuwa nalo. Lilikuwa ndilo jibu bora alilokuwa nalo duniani, hadithi nzima ya Bwana Mwavuli, biskuti, shavu na ulimi, imesuguliwa mpaka inang'aa. Angeisema, Baraza lingemshangaa. Na watu wawili wanaojua meno, walioketi kushoto na kulia, wangegeuza vichwa polepole na kutazama shavu la Mwenyekiti.

Alifunga midomo. Safari hii ilizidi moja, mbili.

"Nimejifunza Kiingereza kwenye filamu," alisema. "Kulikuwa na mwigizaji mmoja hodari wa zamani. Alinyamaza kabla ya neno la mwisho ili watu wamsubiri. Mwalimu wangu anasema mtu mdogo anakimbilia kumaliza, mtu mkubwa anakusubirisha. Niliupenda ustadi ule. Nikauchukua."

Bwana wa vitabu akaacha kutikisika. Daktari kijana akamtazama Mwenyekiti kama anayemwona upya.

"Ni ustadi tu?" Mwenyekiti akauliza. "Hapakuwa na sababu nyingine?"

"Ustadi tu, Mheshimiwa."

Walitazamana. Mwenyekiti ndiye aliyeshusha macho kwanza. Alikata kitu alichokuwa ameshakiandika. Kisha akauliza swali ambalo halikuwa kwenye karatasi yake, maana hakuitazama. Seti ikilegea baada ya miaka mingi, kosa ni la nani?

"Si la mtu," Fundi alisema. "Fizi zinapungua, kama mwili unavyokonda ndani ya koti. Koti zuri halitupwi. Linatiwa bitana." Akaeleza jinsi ya kutia bitana, hatua kwa hatua, vipimo, nta, plasta, joto la maji. Kazi ya nusu siku. "Na mlango unafungwa," alimalizia. "Anayekuja haonekani na mtu."

Barua ilikuja baada ya wiki mbili, na Fundi alimpa binti wa kaka yake amsomee ingawa sasa aliweza kusoma mwenyewe. Alikuwa amefaulu. Alilia kidogo, akaiweka kabatini kati ya vinywa vya plasta, upande wa baba yake.

Mwezi mmoja baadaye, saa saba mchana, wakati duka la miwani limefungwa kwa chakula, mlango uligongwa. Mwenyekiti aliingia mwenyewe, akaufunga kwa ndani.

"Siku ile," alisema kwa Kiswahili cha kawaida, bila hata kukaa, "nilikuwa nimeshakuandika umeshindwa. Nilidhani unanicheza shere."

"Kwa nini uliniuliza basi, Mzee?"

"Nilitaka useme kweli mbele yao. Nikufukuze kwa haki." Akafunga midomo. Shavu likaingia. "Ukasema uongo."

"Niliusema," Fundi alikiri.

Mzee yule alicheka kidogo, kiganja kikiwa mdomoni, kisha akaketi kwenye kiti cha wateja. "Haya. Mficha uchi hazai," alisema, na akaivua seti yake mwenyewe, akamwekea mkononi.

Ilikuwa kazi nzuri ya fundi mwingine, wala hapakuwa na kosa. Fundi Meno aliitia bitana siku ile ile. Jioni Mwenyekiti alihesabu kwa sauti mpaka ishirini mbele ya kioo, akapiga miayo, akatoka. Tarehe iliandikwa mgongoni mwa mfano wa plasta, bila jina.

Wiki iliyofuata Fundi alikuwa anatoka sokoni na mfuko wa vitunguu alipowaona wanakuja kwenye njia ya mawe mbele ya jengo la Baraza: Mwenyekiti katikati, bwana wa vitabu, yule daktari kijana, na wengine watatu waliovaa tai. Alifanya kama alivyofundishwa. Akatazama mbele, akajisogeza pembeni, hakumwona mtu.

Mwenyekiti akasimama. Wote wakalazimika kusimama.

"Fundi!" aliita, kwa sauti ya kusikika ng'ambo ya barabara, bila kukatiza, meno yote nje. "Hujambo, Fundi wangu?"

Hakuna mteja aliyewahi kumwita hivyo barabarani, si yeye, si baba yake. Fundi Meno alitaka kuitikia upesi, akashindwa. Akafunga midomo, moja, mbili, tatu, wale wa tai wakimsubiri.

"Sijambo," alisema, "Mzee wangu."

Akahamishia vitunguu mkono wa pili, akaenda zake kazini.